Kumi ya Katelyn Ohashi: nani alistahili kuivuna?

Tarehe 12 Januari 2019, mjini Anaheim, California, Katelyn Ohashi, mwanajimnastiki wa chuo kikuu cha UCLA, aliruka juu, akafungua miguu hewani, akatua sakafuni kwa msamba, kisha akadunda kama mpira na kuendelea kucheza huku anacheka. Pembeni wenzake walikuwa wakizifuatisha hatua zake. Majaji wakampa 10, alama ya juu kabisa. Chuo kikaiweka video mtandaoni, na mamilioni ya watu wakaitazama.

Yeye hakuruhusiwa kuchuma hata senti. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wakati huo kilimkataza mwanamichezo kuuza jina au sura yake.

Watetezi wa kanuni hiyo walikuwa na hoja. Mwenye ufadhili kamili hulipiwa ada, malazi na chakula, na kwa chuo kama UCLA hicho si kitu kidogo. Walihofia pia kwamba fedha za matangazo zingeleta kijicho ndani ya timu, na mawakala wangeanza kuwazengea watoto wa sekondari. Kwa Ohashi hoja hii ina uzito zaidi, maana chuo ndicho kilichomrudishia mchezo. Alikuwa bingwa wa vijana Marekani mwaka 2011, na Machi 2013 alimshinda Simone Biles, aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki, kwenye mashindano ya American Cup. Kisha mgongo na bega vikamwangusha, na maneno ya watu kuhusu mwili wake yakamkatisha tamaa. Alifika UCLA akiwa hana hamu tena ya kuwa bingwa. Kocha Valorie Kondos Field alimvumilia hadi furaha ikarudi, na mwaka 2018 timu ikatwaa ubingwa wa taifa. Mtu akisema Ohashi ana deni kwa chuo, simcheki.

Ila kuna hesabu ambayo deni hilo haliifuti. Kijana wa kikapu aliyezuiwa kulipwa akiwa chuoni alikuwa na NBA mbele yake. Mwanajimnastiki hana ligi ya kulipwa inayomsubiri: akimaliza msimu wa nne, duka limefungwa. Kanuni moja, basi, ilimchelewesha wa kikapu na kumnyima kabisa wa jimnastiki. Ohashi mwenyewe aliisema hoja hii hadharani mwaka 2019, na hapo ndipo NCAA inaponipoteza.

Septemba 2019 Gavana Gavin Newsom wa California alisaini sheria ya kuwaruhusu wanamichezo wa vyuo kuuza majina yao. NCAA ikalegeza kamba nchi nzima tarehe 1 Julai 2021. Ohashi alikuwa ameshaivua leotadi ya UCLA tangu Aprili 2019.

Je, soko lilipofunguliwa lilileta haki? Kwa sehemu. Zamani bingwa alichagua moja, fedha au chuo. Biles alikuwa ameahidi kujiunga na UCLA hiyohiyo, lakini mwaka 2015 akachagua mikataba ya matangazo. Suni Lee, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo, alikwenda chuo kikuu cha Auburn na mikataba yake mkononi.

Lakini tazama LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Mwaka 2024 Haleigh Bryant alikuwa bingwa wa jumla wa vyuo, ila jina lililotajwa kwanza fedha zilipozungumzwa lilikuwa la mwenzake Olivia Dunne, mwenye mamilioni ya wafuasi mtandaoni. Wapo wanaoona hapo ushahidi kwamba sura inalipa kuliko kazi. Ni kweli inalipa, lakini fedha za Dunne hazikutoka mfukoni mwa Bryant. Zilitoka kwa makampuni yanayonunua macho ya watu, na kumfungia Dunne kusingemwongezea Bryant chochote.

Kinachonitia wasiwasi ni fungu jingine. Tangu msimu wa 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka huo wa kwanza. Sehemu kubwa inaelekea kwenye futiboli ya Kimarekani na kikapu cha wanaume, yaani kwa walewale ambao hata zamani walikuwa na ligi ya kukimbilia.