Harriot aliuona mwezi kwanza, lakini je, aliuelewa?

Tarehe 26 Julai 1609, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, Thomas Harriot, mwanahisabati wa Uingereza, alielekeza darubini yake mwezini akachora alichokiona. Mchoro ni wa kawaida sana: duara, mstari wa kukwaruzakwaruza unaotenganisha mwanga na giza, na madoa machache ya kivuli. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alianza kuchora mwezi miezi minne hivi baadaye, na sifa zote zikaenda kwake.

Wanaomtetea Harriot husema kadhulumiwa. Mtu huyu alikwenda Roanoke, Amerika, mwaka 1585 akiwa amekwisha jifunza lugha ya wenyeji kutoka kwa Manteo, mmoja wa wenyeji hao, na kuibunia herufi. Alikokotoa hesabu za mabaharia. Na kama hakuchapisha, alikuwa na sababu: mfadhili wake Walter Raleigh alifungwa 1603, mfadhili wa pili, mkuu wa Northumberland, akafungwa 1605, na Harriot mwenyewe akaonja jela mwaka huohuo. Katika hali hiyo, nani angethubutu kupaza sauti?

Hoja hiyo naikubali, ila kwa suala la mwezi haitoshi. Ukiutazama ule mchoro kwa makini, huoni milima. Galileo ndiye aliyesema vile vivuli ni vya milima, akakadiria na urefu wake, akachapisha Machi 1610. Michoro ya Harriot ya baada ya hapo ndiyo yenye mashimo na mabonde. Macho yake yalitangulia, maelezo yakatoka kwa mwenzake. Hapo sioni dhuluma.

Kinachoniuma ni jambo jingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Harriot daftari alikuwa nalo, tena maelfu ya kurasa. Ndani yake mlikuwa na kanuni kamili ya jinsi mwanga unavyopinda ukitoka hewani kuingia majini au kwenye kioo, aliyoigundua miaka kama 20 kabla ya Snell, mwanasayansi wa Uholanzi ambaye leo kanuni hiyo ina jina lake. Kepler, mwanaastronomia wa Ujerumani, alimwandikia Harriot akitaka kujua jambo hilohilo. Harriot akamjibu, akampelekea jedwali la vipimo vya pembe, kanuni akabaki nayo. Barua ilikuwa inakwenda kwa vyovyote. Hofu ya jela haielezi kwa nini iende nusu. Mwaka 1611 Kepler alichapisha kitabu chake kuhusu lenzi akitumia kanuni ya kukadiria tu.