Yule dubu si pambo tu

Mwandishi wa makala moja kasema vinyago vya mawe vya Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, ni mapambo ya watalii tu, hapana jamani, hapo kakosea. Cheki dubu weupe waliochongwa na Pauta Saila wa Kinngait, huko kaskazini kabisa mwa Kanada, dubu kasimama mguu mmoja anacheza, jiwe zito vile lakini unaona kabisa mnyama yuko hai! Yule mzee alikuwa mwindaji, dubu alikuwa anamjua kwa macho yake. Kweli soko lilikua baada ya msanii wa Kanada James Houston kupeleka vinyago mjini Montreal 1949, ila kuchonga mawe walianza zamani sana, hata taa zao za mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini, ni za jiwe. Na feki zipo kibao, mkinunua angalieni lebo ya Igloo, inayothibitisha kazi ni ya Wainuit kweli, ipo tangu 1958.