Würzburg waliniuliza habari za Mwanza, Berlin hawakuniuliza kitu

Niko likizo nyumbani Mwanza, na kila nikikaa kijiweni kwenye kahawa swali ni lile lile: "Hivi Wajerumani wakoje?" Siku hizi nami nauliza: wa mji gani?

Nilianzia Würzburg, mji wa mashamba ya mizabibu kando ya mto Main, mji dada wa Mwanza tangu 1966. Wakazi wake ni kama 130,000 tu. Wilaya yetu ya Nyamagana peke yake inawazidi zaidi ya mara nne. Kwenye ngazi mtu hakupiti kimya, lazima akutupie "Grüß Gott", kama wazee wetu na mwangaluka yao. Ukitaja Mwanza, hukosi anayeijua hospitali yetu ya Bugando. Kichwa kikanivimba. Nikadhani Ujerumani nimeimaliza.

Muhula uliofuata nikahamia Berlin, mji wa watu zaidi ya milioni tatu na nusu. Miezi miwili nililalia makochi ya watu nikisaka chumba. Nilipokipata, jirani nilimsalimia mara tatu, akanitazama kama namdai. Jina lake silijui mpaka leo. Niliuchukia ule mji, sifichi.

Halafu Jumapili moja, maduka yamefungwa na sina pa kwenda, nikashuka kituo cha Afrikanische Straße, kule Wedding. Vibao vya mitaa vikaanza kunisemesha: Sansibarstraße, Tangastraße, kisha Maji-Maji-Allee! Nilisimama pale kwenye baridi kama mtu aliyeitwa jina. Zamani barabara ile iliitwa Petersallee, jina ililopewa 1939 kumtukuza Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani aliyebatizwa kwetu Mkono wa Damu. Watu wamevutana miaka mingi mpaka vibao vikabadilishwa 2024.

Würzburg walinikirimu, na shukrani ninazo, lakini hakuna aliyewahi kunigusia vita vya Maji Maji vya 1905. Berlin, isiyojua hata kusalimia, ndiyo iliyonitajia. Ningebaki mji mmoja, ningerudi kuwasimulia nusu ya nchi, tena kwa kujiamini.

Jana nimempeleka binamu yangu Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza. Anataka kuomba chuo Ujerumani, nikamshauri aanzie mji mdogo, akishazoea lugha ahame. Akaitikia, akanipa simu nimpige picha, jiwe lionekane lote nyuma yake.

"Kaka," akaniuliza, "kwani huyu Bismarck alikuwa nani?"