Breki Pedi za Pikipiki Inayolaliwa na Kuku

Maduka ya spea ya Kariakoo yamefunguliwa kwa ajili ya bodaboda, sisi wengine tunavumiliwa tu. Ukisema unataka breki pedi za mbele, kijana wa dukani haulizi pikipiki ina hali gani. Anauliza, "Unapaki kijiwe gani, mzee wangu?"

Sina kijiwe. Nina Apache iliyokaa Kigamboni chini ya mwembe. Inatoka Jumapili, kama mvua haijanyesha, kama betri imekubali, na kama mama watoto hajaamua kwamba leo tunapanda bajaji na gauni lake. Siku zingine zote ni ya kuku. Wanalalia siti, na kodi wanailipa papo hapo, kila asubuhi, ninaifuta kwa kitambaa.

Kijana alinisikiliza kwa huruma, kisha akaniwekea mezani pedi za chuma. "Chukua hizi. Hizi zinakaa."

Zinakaa! Nani kamwambia zile za zamani zimeisha? Nimezitoa mwenyewe nikazitazama: nyama ipo, na ule mfereji wa katikati unaoonyesha kama zimelika bado una kina chake. Zimekufa kwa kukosa kazi. Upepo wa bahari umeila diski ikawa nyekundu, pedi zikagandia palepale nilipoziacha, uso umekuwa mgumu na unateleza. Nikibana breki, inalia kwanza, halafu inafikiria, ndiyo inashika. Mtaa mzima unajua baba fulani anakaribia kona.

Sasa mtu wa hivyo unamuuzia kudumu? Pedi za chuma ni unga wa madini uliobanwa na kuchomwa mpaka ukashikana. Zinastahimili joto, matope na mvua, na ndiyo maana anayebeba abiria wawili na gunia la mkaa kutwa nzima anazihitaji. Ila zinaisaga diski. Zile za resini ni laini, hazina makelele, zinashika hata zikiwa za baridi, kasoro yake zinaisha mapema. Zinaisha mapema! Mimi pedi ikiniishia kwa kutumika nitachinja mmoja wa wale wapangaji nikaribishe majirani.

Halafu nikaona herufi mbili nyuma ya zile pedi za chuma, HH. Nikauliza ni za nini. Kijana, bila hata kupepesa: "Jina la mwenye kiwanda, mzee." Haya. Kumbe herufi ya kwanza inaeleza pedi inavyong'ang'ania ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imechemka haswa, na H ni mng'ang'anio wa zaidi ya 0.55. Kuichemsha pedi kiasi hicho inabidi ushuke mlima mrefu huku umebana. Kigamboni mlima wetu mkubwa ni tuta la barabarani. Kwa hiyo ile H ya pili ningeilipia pesa halali nisikutane nayo maishani. Nikachukua za resini, kijana akanifungia kama anayemfungia mgonjwa dawa ya kupoza.

Kwa fundi ndiyo nikakuta pedi zilikuwa salamu tu. "Mzee, shida siyo pedi. Pistoni ya kalipa, kile kibanio cha pedi, imekwama, pini zimekauka grisi." Akaisukuma, ikagoma, akaisukuma tena, ikalia. Akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akaita na wenzake waje waone: yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani, yakishanyonya yanachemka upesi na kuozesha vyuma ndani, ndiyo maana wanasema ubadilishe kila baada ya miaka 2. Nikamwambia mimi sijaenda popote. Akasema yenyewe hayaangalii umeenda wapi. Yaani daladala nikipanda nalipa nauli ya safari niliyosafiri, ila pikipiki inanidai kwa safari ambazo sikwenda!

Yakawekwa mafuta mapya ya breki, aina ya DOT 4, diski ikapigwa msasa, pini zikapakwa grisi. Wakati ananirudishia ufunguo, fundi akaninyooshea kidole. "Usizibane kwa nguvu mwanzoni, mpaka zikae na diski. Nenda taratibu kama kilomita 300 hivi."

Kilomita 300. Kwa mwendo wangu wa Jumapili, ukitoa za mvua na za gauni, hapo tunazungumzia uchaguzi wa 2030.

Jioni hiyohiyo jirani akaja na tabasamu lile ninalolijua, kasikia pikipiki imetengenezwa, anaomba afike nayo pantoni mara moja tu. Nikamwonyesha breki, nikamweleza kuhusu zile kilomita, kwamba fundi amekataza kabisa mkono mwingine usiiguse mpaka zitimie. Akauliza zitatimia lini. Nikamwambia nakaribia.