Usipake Rangi Juu ya Rangi Inayobanduka: Maoni Kuhusu Vipande vya Injini Vyenye Makunyanzi

Anayefungua boneti ya Honda Integra Type R au S2000 huona kwanza kifuniko chekundu cha valvu, na anayefungua ya Subaru Impreza STI ya zamani iliyotengenezwa kwa soko la Japani hukutana na manifoldi nyekundu ya kuingizia hewa iliyotanda juu ya injini. Vyote viwili hupakwa rangi ya makunyanzi, yaani rangi ambayo uso wake umejikunjakunja kwa makusudi, na ukiupitishia kidole unakwaruza kidogo. Hapa Mombasa ni nadra kukuta kipande cha aina hiyo ambacho rangi yake ingali nzima. Huanza kuinuka pembezoni mwa mashimo ya boliti na kuzunguka herufi zilizochomoza, kisha hutoka magamba yenye ukubwa wa ukucha, na chini yake huonekana unga mweupe. Mwenye gari huenda kwa fundi, fundi hupitisha msasa juu juu na kupuliza rangi nyekundu, na msimu wa kusi ukishapita magamba yanarudi palepale, safari hii yakiwa mazito zaidi. Msimamo wangu ni kwamba ni afadhali kipande kikae na mabaka yake kuliko kupakwa namna hiyo, kwa sababu mabaka yanaonyesha ugonjwa ulipo ilhali rangi mpya inauficha ukiendelea kula chuma.

Ule unga mweupe ndio kiini cha jambo lote. Vipande vya aina hii mara nyingi ni vya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, na alumini hujilinda yenyewe kwa utando mwembamba sana wa oksidi unaojiunda mara tu madini hayo yanapokutana na hewa. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo. Mahali popote ambapo rangi imepasuka, hata kwa ufa mwembamba chini ya washa ya boliti, unyevu wenye chumvi hupenya na kutambaa kati ya rangi na alumini, unazalisha unga, na unga huo, kwa kuwa unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, unaisukuma rangi kutoka chini. Kwa hiyo rangi haibanduki kwa sababu imezeeka tu, inasukumwa. Mtu akipuliza rangi mpya juu ya kipande chenye unga, anaifungia chumvi ndani pamoja na unyevu wake, na joto la injini linafanya yaliyobaki. Ndiyo maana gari lililokaa Nairobi miaka mingi linaweza kuwa na kifuniko safi wakati mwenzake wa umri uleule anayelala Nyali au Bamburi, mita chache kutoka ufuoni, amekwisha kuchakaa.

Inafaa pia kuelewa rangi yenyewe inavyofanya kazi, kwa kuwa makosa mengi ya upakaji hutokana na kuidhania kuwa rangi ya kawaida iliyokorogwa na mchanga. Rangi ya makunyanzi hukauka juu kabla ya kukauka chini. Utando wa juu huundwa upesi kwa msaada wa viungo vya kukausha, kisha hufyonza kimiminika kutoka kwenye tabaka bichi lililo chini yake, unapanuka, na kwa kuwa hauna pa kwenda, unajikunja kama malai juu ya maziwa yaliyochemka. Watengenezaji wa awali walitumia mafuta ya mti wa tung wa Uchina, ambayo yana tabia hiyo kwa asili yake. Katika miaka ya 1930 rangi hii ilikuwa imeenea kwenye mashine za ofisini na vifaa vya umeme, na biashara yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1952 kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya kampuni ya New Wrinkle, iliyohusu upangaji wa bei kupitia hataza za rangi hiyo, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Viwanda viliipenda kwa sababu moja ya kiuchumi kabisa: inaficha ukwaru wa chuma kilichotoka kwenye kalibu, na hivyo hakuna haja ya kukisugua hadi kilainike.

Wapo wanaosema kwamba, kwa mji wa pwani, ingekuwa busara kuachana na makunyanzi na kupaka rangi laini ya kung'aa, kwa sababu mabonde ya makunyanzi hushika vumbi na chumvi na ni vigumu kuyafuta. Hoja hiyo ina ukweli, nami sikatai kwamba uso laini ni rahisi kuutunza. Hata hivyo ninaona kwamba magari haya hayako tena katika hali ya kubadilishwa kwa urahisi. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na S2000 ya mwisho ilitengenezwa mwaka 2009, kwa hiyo hakuna nyingine itakayoshushwa katika bandari ya Kilindini ikiwa imehifadhika vizuri kule Japani. Zilizopo ndizo hizohizo. Impreza nayo ina nafasi yake katika nchi hii tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally nayo mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na mnunuzi anayejua anachokitafuta hutazama manifoldi kabla ya kuuliza bei. Kifuniko kilichopakwa rangi ya kung'aa humwambia kwamba kuna mtu alikuwa na haraka. Kuhusu rangi ya unga inayookwa tanurini, ambayo nayo hupatikana kwa sura ya makunyanzi, sina ugomvi nayo, mradi kipande kiokwe kwanza kikiwa kitupu ili hewa na mafuta yaliyonasa kwenye vitundu vya alumini yatoke, la sivyo yatatokea kwenye rangi na kuacha matundu ya sindano.

Sasa kazi yenyewe. Karibu yote ni kuvua rangi ya zamani, na hapa ndipo ninapotofautiana na desturi za gereji zetu. Njia inayopendwa ni kuloweka kipande katika kostiki soda, kwa sababu ni rahisi na huyeyusha mafuta na rangi kwa pamoja. Kwa chuma cha kawaida haina neno. Kwa alumini ni maangamizi: kostiki huila alumini yenyewe huku ikitoa povu la gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka, na kipande hutoka kikiwa cheusi, kimechimbika, na nyuso zinazokaa gasketi zimeharibika. Njia ya pili ni kupuliza mchanga kwa kompresa. Uso wa nje hutoka msafi wa kupendeza, lakini manifoldi ni mabomba yaliyopindana na kifuniko cha valvu kina vyumba vya kuchujia mvuke wa mafuta upande wa ndani, na punje chache zikibaki humo zitashuka kwenye silinda au kwenye mafuta siku injini itakapowashwa. Fundi atakuapia kwamba amepuliza upepo kila pembe. Sioni sababu ya kuiweka injini rehani kwa kiapo.

Ninachokiunga mkono ni dawa ya kubandua rangi iliyo salama kwa alumini, inayopakwa kwa brashi na kuachwa hadi rangi ifure, kisha brashi ya nailoni, kisha tena dawa, hadi kusibaki hata chembe ndani ya pembe. Dawa kali zaidi zina kemikali ya daikloromethani, ambayo mvuke wake umeua watu katika vyumba visivyo na hewa. Marekani ilizuia mwaka 2019 zisiuzwe kwa wanunuzi wa kawaida kwa kazi hiyo. Anayeipata aitumie nje, upepo ukipita, mikono ikiwa na glavu. Mahali penye unga mweupe pasuguliwe hadi alumini ing'ae, na kama kuna vishimo, visuguliwe hadi sakafuni mwake, kwa sababu ndimo chumvi inamojificha. Baada ya hapo kipande kioshwe kwa maji ya moto na sabuni ndani na nje, kikaushwe, kipashwe moto wa kama nyuzi 100 za Selsiasi, na kitazamwe. Alumini iliyokaa miaka ishirini ndani ya mafuta hutoka jasho la mafuta ikipata joto, na jasho hilo hufutwa kwa thina safi, kisha kipande hupashwa tena, hadi kitambaa kitoke cheupe. Kuanzia hapo hakishikwi kwa mkono mtupu, na tabaka la kwanza la rangi ya msingi ya epoksi lipakwe siku hiyohiyo kabla ya hewa yetu kukirudia.

Kupuliza rangi kwenyewe ni kazi fupi ikilinganishwa na hayo. Makopo ya rangi ya makunyanzi kwa kawaida huelekeza matabaka matatu mazito, la kwanza likienda ulalo, la pili wima na la tatu mshazari, kwa kuachana dakika kama tano. Uzito ndio unaoleta makunyanzi, na mkono wa fundi aliyezoea kupaka milango kwa tabaka nyembamba utakataa kumwaga rangi kiasi hicho; matokeo yake ni uso wenye makunyanzi sehemu moja na ulio laini sehemu nyingine. Joto nalo huharakisha na kusawazisha kazi, iwe la tanuri lisilotumika kwa chakula au la taa kali zilizopangwa kwa umbali sawa. Kwa wakati, ningechagua Januari au Februari, kaskazi ikivuma na mvua zikiwa haba, na ningepuliza mchana badala ya asubuhi, wakati chuma kina umande usioonekana. Masika kazi hii iachwe kabisa.

Zinabaki herufi zilizochomoza, ambazo husuguliwa kwa msasa uliofungwa kwenye kibao baada ya rangi kukomaa, ili alumini ionekane. Ukingo huo mtupu ni mlango, na hapa Mombasa hauna budi kufungwa kwa vanishi isiyo na rangi inayostahimili joto, ipakwe kwa brashi ndogo juu ya herufi na mipaka yake tu, kwa sababu ikimwagwa juu ya makunyanzi huyafanya yang'ae. Gasketi ziwe mpya. Boliti ndogo za kifuniko cha Honda hukazwa kwa takriban Nm 10 tu, na anayezikaza kwa nguvu za bega ataipasua rangi chini ya washa kabla gari halijatoka gereji. Baada ya hapo injini isioshwe kwa pampu na sabuni kali ya kutolea mafuta. Kitambaa na brashi laini vinatosha. Na pale inapolazimu kuoshwa, muoshaji aulizwe kwanza kama maji yake ni ya mfereji au ya kisima, maana visima vingi vya mji huu vina maji ya chumvi.