Mtegaji, bwawa na daftari la mauzo

Mwezi Agosti 2024 shirika la umeme la jimbo la British Columbia, Kanada, lilianza kujaza maji ziwa la bwawa la Site C kwenye Mto Peace. Ni bwawa la tatu kwenye mto huo. La kwanza, W.A.C. Bennett, lilianza kuzuia maji mwaka 1968. Kila bwawa la namna hii linapojengwa kaskazini mwa nchi ile, kuna swali moja linaloletwa mezani na watu wachache mno kuweza kumtisha mwanasiasa yeyote: wategaji wa wanyama wa manyoya walipwe nini, kwa muda gani, na nani athibitishe kwamba bwawa ndilo lililowatia hasara?

Wanaopinga fidia kubwa wana hoja, tena si za kitoto. Wanasema biashara ya manyoya ilikuwa inakufa yenyewe. Kampeni za watetezi wa wanyama ziliibana Ulaya na Marekani, bei zikaporomoka mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana wakatafuta kazi nyingine. Kwa nini basi mlipa bili ya umeme abebeshwe hasara iliyoletwa na mitindo ya mavazi ya Paris? Wanasema pia kwamba mtegaji si mwenye ardhi. Alichonacho ni eneo la kutegea lililosajiliwa kwa jina lake, utaratibu ulioanza British Columbia mwaka 1926 na jimbo la Manitoba mwaka 1940, na leseni si hati miliki. Na wanyama nao hupungua kwa sababu nyingi: moto wa msitu, magonjwa, mabadiliko ya tabianchi. Kwenye delta ya mito Peace na Athabasca, ambako madimbwi na maziwa madogo ya pembeni yalikauka na wanyama wake kutoweka, wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha lawama kiende kwa bwawa la Bennett na kiasi gani kwa hali ya hewa.

Juu ya yote hayo kuna hoja ya wengi dhidi ya wachache. Novemba 1973 Jaji Albert Malouf aliamuru mradi mkubwa wa umeme wa James Bay, Quebec, usimamishwe kwa ombi la Wakree na Wainuit, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Mahakama ya rufaa iliisitisha amri hiyo ndani ya wiki moja, ikiona kuwa maslahi ya mamilioni ya wakazi wa Quebec yanazidi ya wawindaji elfu kadhaa. Kwa hesabu ya vichwa, nani angebisha?

Ninachokiona kikikosekana katika hoja hizi zote ni kile kinachotokea chini ya barafu. Biva (beaver), mnyama wa majini ambaye kwa karne nyingi ngozi yake ndiyo ilikuwa roho ya biashara hii, hujenga nyumba ya matawi na tope kabla maji hayajaganda. Mlango wake uko chini ya maji, na akiba ya chakula cha miezi yote ya baridi, matawi mabichi, ameilundika chini karibu na mlango huo. Mto ulioachwa jinsi ulivyo hupungua taratibu kadiri baridi inavyozidi, na yeye amejipanga hivyo. Bwawa linaendeshwa kinyume. Kanada hutumia umeme mwingi zaidi kwenye baridi kali, kwa hiyo maji yaliyohifadhiwa kiangazi hufunguliwa Januari na Februari. Kwenye ziwa la bwawa maji yanashuka, mlango unabaki wazi, barafu inaning'inia bila kitu chini yake na akiba ya chakula inagandia ardhini. Kule chini ya bwawa maji yanapanda na kuifurika nyumba yenyewe. Panya wa majini anayeitwa maskrati, aliyekuwa akizipa familia nyingi za delta ile fedha za haraka, hupatwa na yaleyale. Naye mtegaji anakuta maji yamepenya kati ya barafu na theluji, pikipiki yake ya theluji inazama kwenye uji wa barafu, na njia aliyoonyeshwa na babu yake haipitiki tena.

Hapo hata hoja ya bei inapungua uzito. Bei ikishuka, mtegaji anapunguza mitego na kungoja mwaka mwingine. Wanyama wapo, na nyama wanakula. Maji yakichezewa, hana cha kungojea. Na nyama ndiyo sehemu isiyoonekana kabisa katika mabishano haya. Biva huliwa. Familia iliyouza ngozi arobaini ilikuwa imekula biva arobaini, lakini daftari la mnunuzi wa ngozi halina safu ya nyama. Tungetegemea samaki wazibe pengo, ila kwenye maziwa mapya ya mabwawa bakteria wanaoozesha miti na udongo uliozama hugeuza zebaki kuwa aina ya sumu inayojikusanya katika samaki walao wenzao. Wakree wa James Bay walijikuta wakishauriwa wapunguze kula samaki wao wenyewe.

Daftari hilo la mauzo ndilo linalonisumbua zaidi. Njia iliyozoeleka ya kukokotoa fidia ni kuchukua wastani wa mauzo ya miaka michache kabla ya mradi, kisha kuuzidisha kwa idadi fulani ya miaka. Inaonekana ya haki, na karani yeyote anaiweza. Lakini wanyama wa msitu ule hawaendi kwa mwaka wa fedha. Sungura wa theluji huongezeka na kuanguka kwa mzunguko wa miaka kumi hivi, na linksi, paka wa mwituni anayewala, humfuata nyuma. Mwanaikolojia Charles Elton alilionyesha hilo mwaka 1942 kwa kutumia kumbukumbu za ununuzi za Hudson's Bay Company, kampuni kongwe ya biashara ya manyoya. Wafanyabiashara wenyewe, basi, ndio waliokuwa wameshikilia ushahidi. Tuseme, kwa mfano wangu wa kubuni, mtegaji hupata dola 12,000 mwaka wa neema na 3,000 mwaka wa ukame wa wanyama. Ukichukua miaka mitatu ya chini na kulipa kwa miaka ishirini, atapata 60,000. Ukichukua katikati ya mzunguko, 7,500 kwa mwaka, atapata 150,000. Mtu yuleyule, pori lilelile, na tofauti ya dola 90,000 imetokana na mwaka ambao wahandisi walikuwa tayari na michoro yao.

Na hata hiyo "kabla ya mradi" si kabla kweli. Wapimaji huingia miaka mingi mapema, barabara zinakatwa, misitu inafyekwa kupitisha nyaya. Mtu akishaambiwa kwamba kibanda chake kitafunikwa na maji, hakitengenezi paa. Mauzo yanashuka kabla tone la kwanza halijazuiwa, kisha mauzo hayohayo yaliyoshuka ndiyo yanakuwa kipimo cha alichokipoteza.

Quebec walijaribu njia nyingine. Mkataba wa James Bay na Kaskazini ya Quebec wa Novemba 1975 uliwapa Wakree na Wainuit dola milioni 225, ila kilichonivutia humo ni mpango wa kipato kwa wawindaji na wategaji wa Kikree ulioanza mwaka uliofuata. Mpango huo unahesabu siku. Anayetumia angalau siku 120 kwa mwaka akiwinda na kutega hulipwa kwa siku zake, na mwenzi wake naye huhesabiwa. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana: ngozi huchunwa, hukwanguliwa na kuwambwa, na aghalabu kazi hiyo ilikuwa ya mke, ambaye kwenye daftari la mauzo hakuwahi kuwepo. Wakosoaji wanasema huo ni mshahara wa serikali kwa kazi isiyo na soko, na ni kweli serikali ndiyo inayolipa. Lakini miaka ya mwanzo ya mpango idadi ya waliokwenda porini iliongezeka. Fidia ya mkupuo haijawahi kumrudisha mtu porini. Mara nyingi imemnunulia gari la kuondokea.

Linabaki suala la ushahidi. Vuli ya 1984, wanyama wa jamii ya kulungu waitwao caribou wapatao 10,000 walizama kwenye Mto Caniapiscau, chini ya ziwa kubwa la mradi uleule wa James Bay. Hydro-Québec, shirika la umeme la Quebec, ikasema ni mvua isiyo ya kawaida. Wenyeji wakasema ni jinsi maji yalivyofunguliwa. Mwindaji atathibitishaje, wakati kumbukumbu za kila lango ziko kwa upande wa pili? Wapokomo wa Mto Tana, ambao mafuriko yao ya kulimia yamebanwa na bwawa la Masinga na wenzake, wanaijua vizuri hali hiyo.

Manitoba ilikuwa na jibu zuri kwenye karatasi. Mkataba wa Mafuriko ya Kaskazini wa Desemba 1977, uliosainiwa kwa ajili ya jamii tano za wenyeji wa asili, ulisema madai yakitokea, shirika la umeme ndilo linalopaswa kuonyesha kwamba mradi haukusababisha wala kuchangia hasara. Kwangu mimi kifungu hicho kina thamani kuliko fungu lolote la fedha. Utekelezaji wake ukaburutwa kwa msuluhishi mwaka hadi mwaka. Kati ya 1992 na 1997 jamii nne kati ya tano zikakubali malipo ya jumla badala yake. Ya tano, Cross Lake, ikakataa, na waziri mkuu wa jimbo alikwenda huko Januari 2015 kuomba radhi. Siwalaumu wale wanne. Mtegaji aliyekuwa na umri wa miaka 50 siku mkataba uliposainiwa alikuwa na 70 mwaka 1997, na kifungu kizuri kisichotoa uamuzi hakikumnunulia hata mafuta ya pikipiki.