Mama wa mfungwa naye apewe nafasi mbele ya wabunge

Wacha nianze kwa kusema sisifu jela za Marekani. Watu huku wanafungwa miaka mingi ajabu na sisi weusi ndio tumejaa mle ndani kuliko hesabu yetu mtaani. Lakini kuna kitu nimekiona hapa Minnesota na nataka watu wa nyumbani wakifikirie sana. Mama wa mfungwa anaenda bunge la jimbo kule St. Paul, anaketi mbele ya kamati, anapewa dakika zake chache, anataja jina lake na la mwanawe bila kujificha, anasema vile familia inaumia, na wabunge wanamsikiliza. Kwetu Mombasa mama huyohuyo angewaambia majirani kijana ameenda kutafuta kazi Nairobi, kumbe yuko gereza la Shimo la Tewa.

Chukua hii ya simu. Mfungwa akipiga nyumbani, anayelipa kwa kawaida ni mama au mke, si yeye. Connecticut zamani dakika 15 zilikuwa karibu dola 5 na jimbo lenyewe linakula kamisheni hapo, yaani serikali inapata pesa kwa mtoto kutaka kusikia sauti ya babake! Familia zikasimama zikasema wazi, na 2021 Connecticut ikawa jimbo la kwanza kupitisha simu za magereza yake ziwe bure. California ikafuata, halafu 2023 sisi Minnesota na Massachusetts. Hapa kwetu mwaka huo chama kilichokuwa na wingi Seneti kilikuwa na 34 kwa 33, kura moja tu, kwa hivyo usidhani ilikuwa rahisi. Na jela za kaunti bado zinalipisha, kazi haijaisha.

Kabla ya hao wote kulikuwa na nyanya mmoja wa Washington D.C., Martha Wright, nesi mstaafu, mjukuu wake kafungwa mbali na bei za simu zikamlemea. Akaenda mahakamani 2000, halafu 2003 akapeleka ombi kwa tume ya mawasiliano ya serikali kuu. Alifariki 2015 hajaona mwisho wake, lakini sheria ya kudhibiti bei hizo ilitiwa saini Januari 2023 na ina jina lake. Nyanya wa kawaida jamani, hakuwa wakili wala mheshimiwa.

Kinachonigusa zaidi ni watoto. Zamani mwanamke akijifungua akiwa mfungwa huku, siku mbili tatu mtoto anachukuliwa, mama anarudishwa seli na maziwa yanamtoka. 2021 Minnesota ikapitisha sheria, ya kwanza ya aina yake Marekani, kwamba mfungwa mjamzito au aliyetoka kujifungua anaweza kuwekwa nje ya gereza chini ya uangalizi akae na mtoto wake hadi mwaka mmoja. Kenya tumefanya vingine, mtoto anakaa ndani na mamake mpaka afike miaka 4, pale gereza la wanawake la Lang'ata na kwingine. Afadhali yetu kwa kuwa hatumnyang'anyi mama kichanga, hilo nalisema kwa roho safi, lakini mtoto anajifunza kutembea ndani ya ukuta na hajakosea mtu, halafu akifika 4 anatolewa, na kama hakuna wa kumchukua je? Mbona wengi wa mama hao wasipewe kifungo cha nje, na sheria ya huduma kwa jamii tunayo tangu 1998?

Halafu rimandi, yaani kuwekwa ndani ukisubiri kesi. Sisi tulikuwa na ndugu yetu huko, kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena, shangazi anatoka Kilifi alfajiri na matatu kwa ajili ya kuonana dakika chache. Dhamana alipewa, pesa ndio hakuna. Tukachanga kwenye grupu ya WhatsApp tukalipa wakili, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwenda kwa mbunge, aibu ilitufunga midomo.

Na nafasi ipo. Katiba ya 2010 kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe wananchi, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka petisheni. Magereza ni ya serikali kuu, kwa hivyo usihangaike na MCA, yule mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, njia ni Nairobi, Bunge la Taifa au Seneti.

Ombi langu kwa wenzangu wa majuu ni hili, tunachanga harusi, tunachanga matanga, tunachanga mawakili, tuchange pia nauli na malazi ya mama kumi kutoka Pwani waende Nairobi na petisheni moja, ya dhamana wanazoziweza watu masikini na ya watoto walioko ndani na mama zao. Mimi nitatoa. Aliye na jamaa ndani na yuko tayari kusema kwa jina lake anitafute.